Boti Haichaguliwi kwa Injini

Faustina alikuwa uani akichambua maharage. Mumewe, Liberatus, aliingia akicheka peke yake.

"Mama Goodness, boti nimeipata! Inauzwa pale Nyololo. Nyembamba, ndefu, na injini inanguruma kama fuso linapanda mlima!"

Binti yao Goodness anatembea kwa magongo. Jumapili ijayo angepata kipaimara, na baba yake alimwahidi kumtembeza kwa boti bwawani, katikati ya mashamba ya chai. Faustina aliingiwa na hofu. Mtoto akitumbukia je?

"Usinunue kwanza," alisema. "Tumwite Sekela."

Sekela, mwanamke jirani yao, ni Mnyakyusa wa Matema. Alikulia ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akiunda boti na baba yake.

Walipofika Nyololo, Sekela hakuitazama injini. Alipiga magoti, akachungulia tumbo la boti.

"Shemeji, unachagua gari la mlimani," alicheka. "Bwawani kwenu kuna mlima gani?"

"Nguvu ni nguvu, bwana!"

"Tumbo hili limechongoka ili lipasue mawimbi ya Nyasa. Bwawa lenu halina mawimbi, lina majani. Yataisonga propela, injini izime katikati ya maji. Tena ni nyembamba. Mtoto akiegemea upande mmoja tu, imelala."

Liberatus alikuna kichwa. Faustina alimkodolea macho Sekela. Mwanamke huyu aliisoma boti kama wengine wasomavyo barua!

"Jiulizeni kwanza," Sekela aliendelea. "Maji gani? Anapanda nani? Mnakwenda kufanya nini?"

"Kustarehe tu, dada. Polepole," Faustina alijibu.

"Basi tafuteni boti pana, yenye tumbo bapa, ya makasia. Msizidishe watu. Na kila mtu avae jaketi la kuokolea linalomtosha. Bila hilo, msipande."

Wiki hiyo walipata boti ya namna hiyo. Jumapili, baada ya ibada, Goodness alifungiwa jaketi lake. Aliingia, akakaa. Boti ilitikisika kidogo, ikatulia.

Liberatus alipiga makasia. Boti ikazunguka palepale kama kuku aliyekatwa kichwa.

"Baba, nipe mimi."

Kwa mikono iliyokomazwa na magongo, Goodness alivuta mara moja, mara mbili. Boti ikanyooka, ikateleza.

"Tugeuze, mwanangu?" Faustina aliuliza walipofika ng'ambo.

"Bado, mama," Goodness alisema, akavuta tena.