Jina Lililokaa Juu

Ambokile ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza. Kila mara Evaline alipobonyeza kichwa cha safu ya majina ili jedwali lijipange kwa alfabeti, Ambokile aliibuka juu kabisa na wengine wakamfuata. Asubuhi ile juu alikuwa amekaa Melkiori. Ambokile alikuwa chini yake, kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni.

"Margareth, umegusa nini humu?" Evaline aliuliza.

"Sijagusa kitu, dada. Nimefungua tu." Margareth ndiye aliyekaa mapokezi ya ofisi ile ya Kongowe, Kibaha, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwatafutia watu taarifa zao kwenye mfumo.

Evaline aligeuza mpangilio, wa mwisho awe wa kwanza. Melkiori akabaki juu. Akapanga kwa tarehe ya kuajiriwa, Melkiori akabaki juu. Akaandika jina la mtu mwingine kabisa kwenye kisanduku cha kutafutia, na pale palipotakiwa kutoka mtu mmoja wakatoka wawili, na wa juu alikuwa Melkiori.

Alikasirika, maana kazi ile ilikuwa ya mikono yake. Kampuni ilichimba udongo mweupe kwenye vilima vya Kisarawe, na vibarua wake, waliopo na waliopita, walikuwa maelfu. Mfumo wa zamani ulikuwa ukiwamwaga wote kwenye kioo kwa mpigo mmoja na kompyuta za ofisi zikiganda. Evaline akauandika upya. Sasa kutafuta, kupanga na kukata kurasa kulifanywa na seva, ile mashine kubwa ya chumba cha nyuma iliyoshika kanzidata yote, yaani hazina ya taarifa za vibarua. Kompyuta ya Margareth iliomba tu, na seva ikajibu kwa watu kumi kumi, ukurasa baada ya ukurasa.

Aliingia chumba cha nyuma kuiuliza kanzidata yenyewe, bila kupitia ukurasa. Jibu likaja sahihi: Ambokile wa kwanza. Akakagua maagizo yake mstari kwa mstari, hayakuwa na kosa. Alipoinama kutazama nyaya ndipo aliposikia harufu ya udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi, na juu ya mfuniko wa mashine akaona vumbi jeupe, laini kama unga wa muhogo.

Mchana simu ikalia kutoka machimboni. Ukuta wa shimo ulikuwa umemeguka ukamfukia mtu. Melkiori alitolewa akiwa amekwisha kufa.

Siku zilizofuata Evaline alijiambia ni bahati mbaya. Kisha likapanda jina la kijana mmoja wa kusukuma toroli, na jioni yake akapelekwa hospitali ya Tumbi mguu umesagika. Likapanda jingine, naye akaangukiwa na jabali. Margareth akaanza kufungua jedwali akiwa ameziba uso kwa kiganja, akichungulia kati ya vidole, na kila jina jipya lilipokaa juu ilisikika kwenye chumba cha nyuma sauti ya kusaga, taratibu, kama mtu anayetafuna changarawe huku akisubiri kuitwa mezani.

Walimweleza bosi, Castory. Aliwasikiliza bila kucheka, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi.

"Msilizungumze nje," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nitajua la kufanya."

Evaline akaamini atafunga machimbo.

Wiki ile ile akaja mwanamke aliyejifunga kitenge kiunoni, macho yamevimba. Jina lake Recho. Mumewe Gregori alikuwa amefukiwa shimoni siku iliyotangulia, na alikuja kuuliza habari za mazishi na fidia. Margareth akaandika jina. Kioo kikajibu: hakuna aliyepatikana.

"Mama, huyu hayumo," alisema bila kuinua macho.

"Hayumo vipi? Miaka yote anaamka alfajiri kwenda kwenye shimo lenu! Jana mmemtoa humo mkiwa na majembe yenu wenyewe!"

"Mfumo unasema hayumo."

"Basi uambie mfumo wako ukamzike!"

Recho alitoka nje, akakaa kwenye kizingiti, na kilio chake kikawa cha mtu anayetukanwa akiwa msibani. Evaline alimvuta Margareth kando, akamshika mkono kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Gregori yuko wapi? Nilimwona kwa macho yangu. Jana asubuhi ndiye aliyekaa juu."

Margareth alitazama mlango kwanza. "Bosi ananipigia kila asubuhi, dada. Anauliza nani yuko juu. Nikimtajia, anamfuta yeye mwenyewe kabla vibarua hawajaingia shimoni. Akiumia anakuwa si mtu wetu."

Evaline aliuachia mkono wake. Hofu yote aliyokuwa nayo kwa kile kitu cha chumba cha nyuma iligeuka moto, na moto ule haukukihusu kitu kile. Mtu aliyejua nani atakufa, mwenye gari na simu na sauti ya kutosha kusema "leo usiingie shimoni", alikuwa akitumia kujua kule kuwahi kuwakana wafu wake.

Alimchukua Recho wakaondoka pamoja kwa njia ya Kiluvya hadi Kisarawe. Walimkuta Silas, nyapara wa machimbo, akiwa na hasira zake mwenyewe, na ndiye aliyewapeleka kwa Bi Sikudhani, mganga aliyeishi ng'ambo ya kilima. Walimkuta anakoroga uji wa mgonjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mnanuka udongo wa mlimani. Kaeni huko huko mlangoni kwanza."

Evaline alieleza yote. Bibi aliuliza jambo moja tu: ile mashine ilikaa wapi kabla ya kuletwa Kibaha. Silas akajibu kwamba ilikuwa kwenye kontena ukingoni mwa shimo, vibarua wakiweka vidole vyao kujiandikisha asubuhi na jioni.

"Basi," alisema Bi Sikudhani. "Kilima kile kina mwenyewe. Mama zetu walichota udongo ule kwa kiganja, kwa kumwomba. Nyinyi mkaja na makoleo ya chuma. Akakasirika, lakini alikuwa hawajui. Akipiga, anapiga gizani. Mkamwekea majina yote mlangoni kwake. Sasa anachagua."

"Na huyu anayeyafuta?" Recho aliuliza.

Bibi aliacha kukoroga. "Nani anayafuta?"

Walipomweleza, alitema mate pembeni. "Jini anaweka mkono juu ya chake, mtu anakuja kumnyang'anya. Huyo bwana ameingia ugomvi ambao hata mimi siwezi kuuamua. Wewe nyapara, kesho mtu yeyote asitie mguu shimoni. Na wewe mwenye mashine, niletee hapa. Jina likishaingia kwenye mfumo wako halitoki kwa kufukiza ubani."

Asubuhi Evaline alifika ofisini akamkuta Castory amekaa kiti cha Margareth, shati limemlowa jasho. Margareth alikuwa amejibanza ukutani.

"Umefanya nini?" Castory alinguruma.

Kwenye kioo, juu ya Ambokile, palikuwa na jina la Castory mwenyewe, na mbele yake mahali pa kazi: Shimoni.

"Sijakuweka humo," alisema Evaline.

"Muongo! Umeniandika ili unitishe. Nitoe!"

"Wewe ndiye unayejua kuwatoa watu. Jitoe."

Alijaribu. Alibonyeza kufuta, kioo kikajibu kwamba hakuna mtu wa jina hilo, na jina likabaki pale pale. Evaline akaingia chumba cha nyuma, akaiuliza kanzidata mbele ya Castory, na kanzidata ikajibu hayumo, hajawahi kuwamo. Wakarudi mapokezi. Castory akaandika Ambokile, likaja jina lake. Akaandika Melkiori, likaja jina lake. Akaandika herufi ovyo ovyo kama mtu anayepiga nzi, na kila alichokiomba seva ilimjibu kwa utulivu kwa jina lile lile, huku harufu ya udongo ikijaa chumba hadi Margareth akaanza kukohoa, na ile sauti ya kutafuna haikuwa tena chumba cha nyuma bali chini ya sakafu, chini ya kiti, chini ya nyayo zake yeye aliyeketi.

Castory alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. Simu yake ikaita wakati huo huo. Alisikiliza, uso ukabadilika rangi, woga ukakimbizwa na ghadhabu.

"Wamegoma? Silas amewatoa shimoni? Nakuja mwenyewe!"

"Usiende," alisema Evaline.

Baadaye aliwahi kujiuliza kwa nini alisema vile, maana alimchukia kuliko mtu yeyote aliyewahi kumjua. Lakini alisema, tena kwa sauti, na Margareth alisikia. Akasimama mlangoni kumzuia.

"Bosi, hivi ndivyo ulivyopaswa kumwambia Gregori. Nakwambia wewe. Leo usikaribie shimo."

Castory alimsukuma kwa bega akapita. "Urudipo nyumbani usirudi tena hapa," alisema, akawasha gari.

Evaline alimpigia Silas. Hakukata simu muda wote ule wa kusubiri. Kila dakika aliuliza, na Silas akajibu kwa kunong'ona kwamba bado, hajafika, watu wote wamekaa mbali na ukingo. Kisha ikasikika honi. Ikasikika sauti ya Castory, kwa mbali, ikiwaita vibarua wavivu, washenzi, wachawi, ikiwaambia watazame, yeye huyu anasimama ukingoni na hakuna lolote. Silas akamwita arudi. Wengine nao wakamwita, hata wale aliowatukana, sauti zao zikapandana, na chini ya sauti zile Evaline akasikia kwenye simu kile alichokuwa amekisikia ofisini siku zote, sasa kikubwa, kikitafuna haraka haraka kama kitu kilichonyimwa chakula muda mrefu, mpaka hakikusikika tena kitu kingine.

Halafu kimya.

"Silas?"

"Ardhi imefunguka," Silas alinong'ona. "Dada Evaline, haikumeguka. Imefunguka, na imejifunga."

Hawakumpata. Walichimba mpaka Bi Sikudhani akaja kuwakataza.

Evaline alirudisha majina ya waliofutwa, akayachapa kwenye karatasi na kumkabidhi Recho ayapeleke kwa ofisa wa kazi. Kisha akazima seva, akang'oa nyaya zote, na yeye na Margareth wakaibeba kwa bajaji hadi Kisarawe. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuwazuia, na hakuna aliyethubutu.

Vibarua walikuwa wamesimama kuuzunguka mteremko wakati wa adhuhuri, jua likiwaka juu ya udongo mweupe hadi macho yanauma. Bi Sikudhani alikuwa amejipaka udongo huo huo kwenye paji la uso. Hakuchinja kitu wala hakucheza ngoma. Alinyunyiza maji, akasema maneno machache kwa lugha ya wazee wake, kama mtu anayegombana na jirani kupitia ua, akaonyesha waiteremshe mashine ndani ya shimo.

"Mrudishieni alichopewa," alisema. "Na atakachokisema, mtu asiitike."

Wakaanza kufukia. Koleo la kwanza, la pili. Mashine ilipotoweka kabisa chini ya udongo, Evaline akasikia feni zake zikizunguka.

Alitazama nyaya mkononi mwake. Zilikuwa mkononi mwake.

Kisha sauti ikatoka chini, si ya mwanamume wala ya mwanamke, yenye adabu, ikaanza kutaja majina. Ambokile. Kijana aliyeitwa hivyo alifumbua mdomo, na Silas akamziba kwa kiganja kilichojaa udongo. Likafuata jina jingine, na jingine, kwa mpangilio sahihi kabisa wa alfabeti, na kila mwenye jina aliyekuwapo aliuma midomo, machozi yakimtoka, makoleo yakienda bila kusimama.

Sauti ilitaja watu kumi. Ikanyamaza.

Wote waliduwaa, koleo hewani, wakidhani imekwisha. Evaline peke yake alijua ukimya ule ni wa nini, kwa sababu ndivyo alivyoifundisha: inangoja mtu aombe ukurasa wa pili.

"Fukieni," aliwaambia kwa kunong'ona. "Fukieni, na mtu asiulize kitu."