Mgongo wa Fundi Ukutani

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Fundi ni kwamba alikuwa anaifuta kamera kwa pindo la shati kabla ya kunipa. Wengine aliwapa hivyo hivyo na vumbi lake.

Kikundi chetu cha picha tulikuwa wanne, kamera moja. Kila mtu ana kadi yake ya kuhifadhia picha. Zamu yako ikiisha unaitoa, unampa mwenzako kamera. Mama Studio ndiye mwenye chumba. Bonge ni kinyozi. Fundi anatengeneza fremu. Mimi napiga pasi kwa dobi, nao wananiita Kimya. Shule niliachia darasa la tano, kwa hiyo maandishi ya kamera yalinisumbua. Fundi akawa ananielekeza kwa sauti ndogo, wengine wasisikie.

Jioni ile tulikuwa tunachagua mada ya maonyesho. Mama Studio akaunganisha kamera na projekta.

"Kadi ya nani hii?"

Yangu. Nilisahau kuitoa.

Ukutani akatokea Fundi, kwa nyuma. Picha ya pili, Fundi. Ya tatu, Fundi tena.

"Mh," Bonge akaguna, akanigeukia mimi. "Shemeji, sisi wengine hatupigiki?"

Nikabeba mkoba nikatoka. Lakini sikushuka ngazi, nikabaki nyuma ya mlango nasikiliza.

"Rudisha ile ya kwanza," Mama Studio alisema. "Hapa ndipo alipofiwa na mama yake. Kapinda kama kulabu. Sasa tazama anavyonyooka, picha hadi picha."

"Kama kwenye kitabu cha sayansi," Bonge akadakia. "Nyani anainuka, anainuka, mpaka anakuwa mtu."

"Unaniita nyani?"

"Ulikuwa, kaka. Sasa hivi unakaribia."

Wakacheka.

"Mada si hiyo hapo?" Mama Studio akasema. "Mageuzi. Viumbe wanavyobadilika kidogo kidogo, kizazi kwa kizazi. Bonge, wewe utatafuta mijusi na ndege. Mimi nitapiga bibi, binti na mjukuu. Na mgongo wa Fundi ufungue ukuta."

"Mwenye picha hajakubali," Fundi alisema. "Zima kwanza."

Simu yangu ikatetemeka, ujumbe wa Fundi.

"Uko wapi? Nimezima. Hazitundikwi usipotaka."

Nikajibu: "Nyuma ya mlango."

Akafungua.

"Ulianza lini?"

"Ulipotoka msibani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Ulikuwa huongei na mtu."

Akatazama chini. "Siku zile nilijua niko peke yangu. Asante."

"Asante wewe. Hujawahi kunicheka."

"Nakucheka nini? Nawatengenezea fremu watu kila siku, na hakuna aliyewahi kuniweka kwenye fremu mimi."

"Nyie," Bonge akaita toka ndani, "hayo mageuzi yenu yatachukua miaka mingapi? Tuna njaa huku."

Nikaingia. Kwa mara ya kwanza nikanyoosha mkono kikundini.

"Mageuzi," nikasema. "Na zangu zitundikwe."

Fremu alizitengeneza mwenyewe. Siku ya maonyesho mgeni mmoja alimuuliza nani alipiga mgongo ule.

"Mchumba wangu," akajibu, kabla hata hajaniuliza mimi.

Leo ni mume wangu. Anaamini nilimpenda aliposimama wima, nami sijawahi kumkatalia. Baba watoto, ukisoma hapa ujue: nilikupenda ukiwa umeinama vile vile.