Radhi ya Shuaibu

Mardhiya alikuwa uani akikuna nazi, sikio lake liko chumbani. Mumewe, Shuaibu, alikuwa akikohoa. Wiki iliyopita daktari aliwaambia: ni saratani ya utando wa mapafu. Imeletwa na vumbi la asbestosi, lililokuwemo katika mapaa ya zamani aliyoyabomoa kazini miaka mingi.

Nani alikuwa akizikung'uta nguo zake kila jioni, vumbi jeupe likiruka? Yeye Mardhiya! Nazi ikamponyoka.

"Hodi wenyewe!" Aliingia jirani yake Adila, msaidizi wa kisheria pale Zinga. "Nazi chini? Unawakunia kuku?"

Mardhiya hakucheka. Akamweleza yote.

"Mmedai fidia?"

"Tudai nini tena, dada? Jana bosi wake, Bwana Sufiani, kaja na gunia la mchele. Kaomba radhi, Shuaibu kampa. Ukishasamehe umesamehe."

"Ala! Radhi kwa mchele?"

Shuaibu akaita kutoka chumbani, pumzi zikimkatika: "Nimesamehe mbele ya Mungu, Adila. Mimi si kigeugeu!"

"Shikamoo, kaka. Radhi ni ya moyo wako, baki nayo. Fidia ni haki yako kisheria. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, waajiri ndio wanaouchangia. Ugonjwa ukithibitika umetokana na kazi, unaweza kupata matibabu na malipo. Ukifariki, mkeo na watoto nao wana haki."

Mardhiya akauliza, "Na Sufiani anayajua haya?"

"Mwajiri ndiye anayetakiwa kutoa taarifa. Akikaa kimya, toeni wenyewe, na cheti cha daktari. Msikawie, sheria ina muda wake. Kama hakuwapa kinga kazini, muulizeni wakili kuhusu mahakama. Nawe Mardhiya, kapimwe kifua."

Shuaibu akaita tena, "Mke wangu, nitafutie kanzu. Twende."

Mardhiya alipimwa, kifua chake kikaonekana salama. Daktari akamtaka arudi kupimwa tena. Madai yakachunguzwa, yakakubaliwa. Ugonjwa haukuondoka, lakini dawa zilipatikana na watoto hawakuacha shule.

Siku moja Sufiani akaja, amenuna.

"Shuaibu, si ulinisamehe?"

"Nimekusamehe, na sijarudi nyuma. Lakini mapafu haya yalikuwa yakilisha nyumba nzima. Haki ya watoto si yangu kuigawa."

Sufiani akainamisha kichwa. Mardhiya akatandika mkeka, akaweka sinia.

"Karibu wali, Bwana Sufiani. Mchele wa leo tumenunua wenyewe."