Waliyoyajua Bila Kuulizana

Kila siku ya shule, Nasriya alikuwa ameshazungumza lugha tatu kabla ya saa moja asubuhi. Jikoni alisema Kiswahili na bibi yake, Bibi Kheiria. Kwenye ngazi za jengo lao alisema Kiarabu na majirani. Akishapanda basi la shule, alianza Kiingereza. Hakuona ajabu yoyote, kwa sababu pale Khuwair ya Kusini, mtaa wa mji wa Muscat huko Oman, watoto wengi ambao babu na bibi zao walitoka Unguja waliishi hivyo hivyo.

"Sabalkheri, Bibi. Umeamkaje?"

"Salama, mwanangu. Haya, kunywa chai upesi, basi halimngojei mtu."

Nasriya alikuwa na miaka kumi na miwili. Shule yake ilikuwa na watoto wa mataifa mengi ambao wazazi wao wamekuja Muscat kufanya kazi. Rafiki yake mkubwa alikuwa Imogen, msichana wa Kiingereza, na walikuwa wamekaa dawati moja kwa miaka mitatu.

Jumapili moja ya mwezi wa Aprili, siku ya kwanza ya wiki ya shule, Mwalimu Samir, aliyekuwa akiwafundisha sayansi, aliwagawa katika makundi ya watu watatu watatu.

"Kila kundi litengeneze chombo cha kutoa chumvi katika maji ya bahari kwa kutumia jua tu," alisema. "Mna wiki mbili na nusu. Makundi matatu yatakayofanya vizuri yatakwenda kwenye maonyesho ya shule zote, mtaa wa Hail."

Alisoma majina. Nasriya, Imogen na Kuba.

Kuba alikuwa mvulana kutoka Poland. Alikuja shuleni mwezi wa Januari na alikuwa mkimya sana. Imogen alipolisikia jina lake, uso ulimbadilika.

Wakati wa mapumziko alimvuta Nasriya pembeni. "Kwa nini tupewe yeye? Mjomba wangu huko Uingereza anasema mji wao umejaa Wapolandi. Wote mafundi bomba. Kiingereza hawajui, na kazi za watu wamezichukua. Tumpe gundi apake, hesabu atatuharibia."

Nasriya hakujua kama maneno hayo yalikuwa ya kweli. Hakuwahi kufika Uingereza wala Poland. Lakini hakutaka kumuudhi rafiki yake, kwa hiyo alicheka.

Walianza kazi siku ya pili yake. Mpango wao ulikuwa rahisi. Walihitaji sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani ili lishike joto, na kioo cha kulifunika kwa juu. Maji ya bahari yakipata moto yangetoa mvuke, mvuke ungegusa kioo na kuwa matone, na matone yangeteremka kwenye kioo hadi ndani ya chupa. Chumvi ingebaki chini.

Imogen alichora na kupiga hesabu. Alipotaka kusema na Kuba, alisema polepole na kwa sauti kubwa, kama mtu anayesema na mtoto mchanga. "Wewe. Paka. Gundi. Hapa. Sawa?"

"Sawa," alijibu Kuba.

Siku moja Imogen alikwenda maktaba, Nasriya akabaki na Kuba. Ghafla Kuba akamwambia, kwa Kiingereza chepesi kuliko cha Nasriya mwenyewe, "Rafiki yako anadhani mimi bubu."

Nasriya alishtuka. "Kumbe unajua Kiingereza hivi?"

"Niliishi Uingereza kwao miaka sita. Nilianzia shule kule. Hajaniuliza, nami sina haja ya kumwambia. Waingereza ndivyo walivyo. Wavivu, wanajua kutoa amri tu. Wanakuchekea usoni, ukigeuka wanakusema."

Nasriya alifikiria namna Imogen alivyokaa mpaka jioni siku iliyopita akichora mchoro ule mara nne. Huo haukuwa uvivu. Lakini Kuba alikuwa amekasirika, naye hakutaka ugomvi. "Labda," alisema.

Chombo kilikamilika siku mbili kabla ya siku ya kuonyesha. Jioni ile Imogen alimpigia simu Nasriya. "Umeiona ile kona ya nyuma? Kuba hakuiziba. Mvuke wote utatokea pale. Ndiyo kazi yao hiyo, ya kulipua."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Hataelewa."

Siku iliyofuata, wakipanga foleni ya chakula, Kuba naye akamnong'oneza. "Kile kioo hakina mwinamo wa kutosha. Matone hayatateremka, yatadondoka yalikotoka."

"Kwa nini usimwambie Imogen?"

"Aone mwenyewe. Yeye si ndiye bingwa?"

Nasriya alirudi kwenye meza yake. Makosa yote mawili sasa aliyajua yeye peke yake. Angeweza kuwaita wote wawili akawaambia. Lakini alijua wangegombana, na kila mmoja angemuuliza yuko upande gani. Akajipa moyo kwamba pengine maji yatapatikana hivyo hivyo. Akanyamaza.

Siku ya Jumatano vyombo vyote viliwekwa uwanjani tangu asubuhi. Jua lilikuwa kali. Saa saba mchana Mwalimu Samir alipita akitazama chupa moja moja. Kundi la kwanza lilikuwa limepata nusu kikombe. La pili, robo. Alipofika kwa akina Nasriya aliinua chupa, akaielekeza kwenye mwanga.

Ilikuwa kavu.

Watoto wachache walicheka. Imogen aliiva uso. "Ni yeye, Mwalimu! Hakuiziba kona. Wapolandi hufanya kazi ovyo, kila mtu anajua!"

"Na wewe kioo umekilaza kama meza!" alijibu Kuba, kwa Kiingereza safi kabisa. "Nyinyi Waingereza mnataka kuamrisha tu, hata kama hamjui kitu!"

Imogen alibaki kinywa wazi. Si kwa matusi yale, bali kwa kumsikia akisema.

"Basi, tulieni," alisema Mwalimu Samir. "Imogen, uliiona kona lini?"

"Juzi."

"Kuba, na wewe mwinamo wa kioo?"

"Jana."

"Na hamkuambizana?"

Imogen na Kuba walitazamana. Hakuna aliyekuwa akimtazama Nasriya, na kama angekaa kimya, hapana mtu ambaye angejua.

"Mwalimu," alisema, "walinambia mimi. Wote wawili. Niliyajua makosa yote mawili, sikusema."

Imogen na Kuba waligeuka kwa pamoja. Nasriya aliona kwamba kwa mara ya kwanza walikuwa wamekasirishwa na kitu kimoja, na kitu hicho ni yeye. Machozi yalimlenga.

Mwalimu Samir alimpa Nasriya ile chupa kavu. "Nakupeni mpaka Jumapili mtengeneze tena. Kundi silibadilishi."

Siku ya Jumamosi walikutana nyumbani kwa Nasriya, kwa sababu juu ya paa la jengo lao palikuwa na jua tangu alfajiri. Imogen alikuja na vifaa vyake vya kuchorea. Kuba alikuja na mrija mpya wa gundi. Kila mmoja alishika kazi yake. Bibi Kheiria aliwapandishia birika la chai ya tangawizi na sahani ya visheti, akavuta kiti akakaa kivulini akihesabu tasbihi. Alikuwa ameshaambiwa yote.

Nasriya alikuwa ameapa kutokaa kimya tena, kwa hiyo alianza yeye. "Kuba, kwa nini uliiacha ile kona?"

Kuba alitazama chini. "Gundi iliisha. Niliogopa mkisikia mtasema nimeiharibu."

Imogen alijua kwamba ndivyo hasa angesema. Kisha naye akasema, "Kioo kilikuwa kifupi. Ili kiiname vizuri kilitaka kukatwa kingine kirefu, na mimi sijui kukata kioo. Niliona haya kuuliza."

"Baba yangu anajua kukata kioo," alisema Kuba.

"Ni fundi?"

"Mhandisi wa maji. Hapa Muscat anafanya kazi kwenye mtambo wa maji ya bahari, mkubwa, lakini ni kazi hii hii tunayofanya sisi." Kuba alisita. "Kule Uingereza alikuwa anafunga kabichi katika maboksi. Vyeti vyake walivikataa. Mama yangu siku moja aliambiwa dukani arudi kwao. Nilikuwa nimemshika mkono. Nilikuwa na miaka saba."

Imogen aliweka rula chini. "Mjomba wangu naye alikuwa anafunga mboga. Miaka kumi na mmoja. Siku moja mkubwa wa kiwanda akawaambia wafanyakazi wapo watu wanaokubali ujira mdogo, kama wao hawaukubali watoke. Mjomba akatoka. Tangu hapo hawapendi Wapolandi."

"Baba hakujua kama kuna mtu ametolewa," alisema Kuba polepole. "Kama angejua, sidhani angefurahi."

"Sikusema alifurahi."

Hapo ndipo Bibi Kheiria aliposema. Alisema kwa Kiingereza, kwa sababu alikuwa muuguzi maisha yake yote na wagonjwa wake walitoka kila nchi. Lilipompotea neno, alilisema kwa Kiswahili na Nasriya akalitafsiri.

"Mimi nimekuja hapa kutoka Unguja msichana wa miaka kumi na sita. Nikaingia chuo cha uuguzi. Kiarabu changu kilikuwa kibovu, wenzangu wakinicheka. Wakituita Wazanzibari kama kwamba ni tusi, wakiniuliza kama kule tulikuwa tukivaa nguo. Nikilia chooni."

"Maskini, Bibi," alisema Nasriya.

"Ngoja, usinionee huruma bado. Sisi tuliotoka Unguja tulikuwa na yetu. Palikuwa na msichana mmoja ametoka milimani humu humu Oman, anaitwa Balqis. Hajapata kuona lifti. Tukasema hawa wa bara hawajui kitu, hawana ustaarabu. Tukimcheka kwa Kiswahili, mbele yake, kwa kunong'ona na nyuso tumezikaza, tukijua hafahamu. Mwaka mzima. Siku moja akaja bibi kizee mgonjwa, haachi mtu amguse, anapiga mayowe. Sisi wote tumeshindwa. Balqis akakaa chini kwenye sakafu, akasema naye kwa lafudhi ya kwao, akamuuliza habari za mbuzi wake. Bibi yule akanyoosha mkono akadungwa sindano bila neno. Nikaona haya, wallahi. Nikaenda nikamuomba radhi. Balqis akanambia, 'Kumbe nyinyi mlikuwa mkinicheka? Mimi nikidhani mnasali.'"

Kuba alicheka mpaka chai ikampalia. Imogen naye akacheka, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kuba, samahani. Kwa yale ya mjomba, na kwa kusema nawe vile."

"Na mimi samahani. Nilijua unajitahidi, nikakuacha uaibike."

Mchana ule baba yake Kuba alikuja na kisu cha kukatia kioo na vioo viwili virefu. Hakufanya kazi yao. Alimwonyesha Imogen mara moja tu, akampa kisu. Imogen alikata kioo cha pili mwenyewe, na kikakatika sawasawa. Kuba aliziba kona zote nne, na Nasriya alipitisha kidole kila mahali kutafuta tundu. Alipolipata moja, alilisema palepale.

Jumapili uwanjani, saa saba mchana, chupa yao ilikuwa na kikombe kizima na zaidi. Mwalimu Samir alimimina kidogo kwenye bilauri, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ya kwenu ndiyo mengi kuliko ya wote. Mtakwenda Hail," alisema. "Lakini nataka mweleze pia kwa nini mara ya kwanza mlikosa. Nani ataeleza?"

Imogen na Kuba walimtazama Nasriya. Akaeleza yeye, kona na kioo na kimya chake, bila kuficha.

Alasiri aliporudi nyumbani alimkuta Bibi Kheiria jikoni akichambua mchele. Alimwambia habari za kikombe kizima na za Hail, na Bibi akampigia kigelegele mpaka jirani akagonga kuuliza kuna harusi gani. Lakini Nasriya alikuwa na jambo bado.

"Bibi, mimi naomba kukuuliza. Imogen aliomba radhi, Kuba aliomba radhi. Lakini mimi sikumsema mtu vibaya."

"Hukusema," alijibu Bibi bila kuinua macho kwenye ungo. "Ulicheka, ukaitikia. Mtu akisema Wapolandi wote hivi, Waingereza wote vile, anatazama nani anacheka. Akimpata mmoja, kesho anaongeza. Yule mmoja ulikuwa wewe, na kwa pande zote mbili."

Nasriya aliinamisha kichwa. "Sasa nifanye nini siku nyingine?"

"Uliza. Mtu akikwambia watu wa mahali fulani wako hivi, muulize kwa adabu, 'Wewe umekaa na wangapi kati yao?' Kisha nenda kwa huyo anayesemwa, ukae naye, umuulize na yeye habari zake. Maradhi nimeyauguza mengi, mwanangu, lakini haya ya kumjua mtu kabla hujamuuliza jina, sijaona dawa yake nyingine."

"Na kama anayesema ni rafiki yangu kabisa?"

Bibi Kheiria aliweka ungo chini, akamtazama mjukuu wake.

"Basi huyo ndiye wa kwanza kumuuliza."