Viti vya Gari la Tan

Ndugu zangu, asubuhi za kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Liuzhou, kusini mwa China, zilikuwa na utulivu wake. Ukungu umelala juu ya mpunga, wanawake wanatwanga majani yaliyokaangwa ya chai ya mafuta, nami nimekwisha kuswali na kufagia uwanja. Kisha ungesikia honi ya Tan Guowei, na watoto wangekimbilia barabarani na mikoba yao mgongoni.

Tan alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alifanya kazi mjini, katika kiwanda cha yale magari madogo ambayo sisi huyaita mikate, kwa kuwa umbo lake ni kama boflo. Kazi yake ilikuwa kufunga viti. Aliponunua la kwake alilivisha vitambaa vyekundu kwenye vioo, akalipua fataki hata kuku wangu wakatoroka. Tulifurahi naye. Lilikuwa gari la watu saba, na kabla ya zamu yake alimpeleka binti yake Yunzhi chekechea, ng'ambo ya kilima, pamoja na watoto wachache wa jirani.

Sifa ndizo zilizoharibu mambo.

"Kaka Tan, wewe ni mtu wa watu," mmoja alimwambia. "Mchukue na wangu, mdogo huyu, atajibana popote."

Kesho yake akaja mama Lu. "Wa wenzangu wanapanda, wangu ana kunguni?"

Kwetu sisi, kumkatalia jirani mbele ya watu ni kumvua nguo, nawe hutabaki salama. Tan hakuthubutu. Jumapili moja akashika spana, akang'oa viti vyote vya nyuma, akavirundika katika banda la kuku. Mahali pake akapanga vigoda vya plastiki.

Mkewe, Wei Caimei, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Yunzhi! Kazini unafunga viti, nyumbani unavifungua? Una akili timamu?"

"Ni kilima kimoja tu. Hata baiskeli inapita."

"Baiskeli haibebi watoto wa kijiji kizima."

"Basi nenda wewe ukamwambie mama Lu mwanawe asipande. Nenda! Uone kama atakusalimia tena."

Nikamwita juu ya ukuta: "Guowei, mtoto si gunia la mchele."

Akacheka. "Shangazi Ma, wewe niombee tu."

"Kuomba naomba. Lakini Mungu hakukutuma ung'oe viti."

Akaendelea kucheka. Ninyi mnaosoma, mnamjua mtu kama huyu. Labda mmepanda gari lake.

Ikaja asubuhi ya mvua. Gari lilipanda kilima likiwa limeelemewa nyuma, magurudumu yakateleza kwenye tope, likarudi kinyumenyume mpaka ndani ya bwawa la bata. Maji yakafika madirishani. Waliokuwa wakipanda mpunga wakajitosa, wakavunja vioo, wakawatoa watoto mmoja baada ya mwingine, wanakohoa na kulia.

"Walikuwa wangapi?" mmoja akauliza kwa sauti.

Tan akaanza kuwahesabu kwa kidole, akarudia mwanzo. Hakujua. Tangu viti vitoke, yeye alikuwa akifungua mlango, akisukuma, akifunga.

Caimei akaja mbio bila viatu. Akamgeuza kila mtoto uso. "Yunzhi wangu yuko wapi? Baba Yunzhi, mtoto yuko wapi?"

Tan akazama tena bwawani, akipapasa chini ya vigoda vinavyoelea.

Mimi wakati huo sikuwa na habari. Nilifungua mlango nikamkuta Yunzhi kizingitini, chini ya mwavuli wake.

"Hukwenda shule?"

"Mtoto wa mama Lu alilia, hana kigoda. Nikampa changu nikashuka. Baba hakuniona." Akashusha sauti. "Usimwambie mama, atanigombeza."

Ndipo nikasikia mayowe kutoka kilimani. Nikamshika mkono, tukakimbia, na magoti yangu haya.

Tulipofika, wanaume wawili walikuwa wamemkamata Tan asirudi majini. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Guowei!" niliita. "Binti yako huyu hapa! Mzima!"

Caimei akamdaka, akamchapa kofi la mgongoni, kisha akamkumbatia, hajui aanze na lipi. Tan akaja akitambaa topeni. Yunzhi akamtazama.

"Baba, mbona umeogelea na viatu?"

Watu wakacheka huku wanalia. Alhamdulillahi, watoto wote walipona. Zahanati ilitibu michubuko na kikohozi.

Polisi walichukua leseni ya Tan kwa muda mrefu, naye hakubisha. Viti alivirudisha mwenyewe, akavikaza. Aliporuhusiwa tena kuendesha, mama Lu akaja barabarani.

"Kaka Tan, huyu mmoja tu, ajibane hapo katikati."

Sote tukamtazama Tan.

"Viti vimejaa, mama Lu," Tan akasema. "Nikiwashusha hawa, nitarudi kumchukua."

Mama Lu akanuna. Lakini alimfungulia mwanawe mwavuli, akasubiri naye. Na Tan alirudi.

FUNDISHO

Wazazi wenzangu, gari likijaa limejaa. Anayekukatalia nafasi kwa ajili ya uhai wa mwanao hajakudharau; mshukuru. Nawe dereva, usitafute sifa kwa watoto wa watu. Jirani akinuna, hasira zitamwisha. Mungu aliturehemu siku ile, tusimjaribu tena.