Gogo la Mjomba Kasimiri

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Noela alikuwa na kazi moja. Alimimina uji kikombeni, akaweka kidonge kimoja cheupe kwenye kisosi, akavipeleka uani kwa mjomba wake, Kasimiri. Mjomba alimeza kidonge, akashushia na uji, kisha akafungua kinywa wazi kumwonyesha mpwa wake kwamba kimekwenda. Hapo wote wawili walicheka. Huo ulikuwa mchezo wao tangu Noela akiwa darasa la nne, na sasa alikuwa la sita.

Nyumba yao ilikuwa Kinyerezi, upande ule ambao mitambo ya umeme huvuma usiku na mchana. Wenyeji walikwishauzoea mvumo huo hata hawakuusikia tena. Mjomba Kasimiri ndiye aliyeusikia siku zote, na alisema unamfaa katika kazi yake kwa sababu hauna haraka. Alikuwa mchonga vinyago, mzaliwa wa Newala, na zamani alikuwa na kibanda chake kwenye soko la wachongaji la Mwenge. Kisha akaugua. Noela alikumbuka vipande vipande tu: mama akilia jikoni, mjomba akitembea peku kwenye njia ya Pugu akijibizana na watu ambao hakuna mwingine aliyewaona, na watoto wakimfuata nyuma kwa vicheko. Alilazwa hospitali, akatibiwa, akatoka. Siku hizi alichongea nyumbani, na kila mwezi alikwenda kliniki na dada yake Sesilia, mama yake Noela.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkera Noela. Kabla ya kushika patasi, mjomba aliuzunguka mti polepole. Aliugonga kwa vifundo vya vidole, akainamisha sikio, kisha akachora hewani kwa vidole viwili huku akinong'ona. Noela alipokuwa mdogo aliamini kwamba mti unamjibu. Alikuwa akijilaza mkekani na kusikiliza naye, mpaka harufu ya mbao na mvumo wa mitambo vimpeleke usingizini. Sasa alikuwa mkubwa, na aliamini kwamba yale ni mabaki ya ugonjwa. Wapita njia walipochungulia uani, alitamani mjomba aache.

Shuleni hakuna aliyejua. Kuna siku mwenzake Kondo alimuuliza yule mzee anayenong'ona na magogo kwao ni nani, naye akajibu kwamba ni mpangaji.

Muhula ule Mwalimu Tusajigwe, aliyefundisha Kiswahili, alitunga igizo kwa ajili ya siku ya wazazi. Alilitunga kutokana na mambo aliyosimuliwa na bibi yake, kuhusu miaka ya zamani sana kabla ya hospitali kuwapo. Katika igizo, mtu mmoja anaanza kusikia sauti asizosikia mwingine. Majirani wanasema amerogwa. Wengine wanasema ana mapepo, apigwe yatoke. Mwisho wanampitisha mguu kwenye tundu la gogo zito, wanagongelea kigingi usitoke, na wanamwacha hapo miezi na miaka, chakula akisogezewa kwa fimbo ndefu. Sehemu ya mwisho inafika zama hizi, ambapo muuguzi anakiondoa kigingi na kumpeleka mgonjwa kutibiwa.

Noela alichaguliwa kuwa mgonjwa. Mwalimu alipouliza nani anaweza kupata gogo la kuigizia, Noela alinyoosha mkono bila kufikiri, akasema anamjua fundi mmoja.

Mjomba alifurahi mno. Alitafuta kipande cha msufi, mti mwepesi ambao watoto wangeweza kuubeba, akakichonga siku nne. Alipima mguu wa Noela kwa uzi. Tundu alilipiga msasa mpaka likawa laini kama ndani ya bakuli, ili lisimkwaruze. Jioni ya nne alilishika gogo mapajani, kichwa kimeinama, na Noela alifikiri amesinzia.

"Mdogo wake babu yangu alikaa kwenye gogo kama hili miaka mitatu," alisema hatimaye. "La kwake lilikuwa zito. Akitaka kugeuka usiku alilazimika kuita watu wamgeuzie mguu. Mie ningezaliwa wakati ule, ningekaa hapo."

Kisha alimpa kigingi na kumwonya kwamba gogo lisilazwe nje kwenye mvua, kwa kuwa mti wa aina ile hunywa maji na kuvimba. Aliuliza igizo ni lini, maana angependa sana kulitazama. Noela aliinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

"Jumamosi, mjomba," alisema. Igizo lilikuwa Ijumaa.

Alidanganya kwa sababu ya jambo lililotokea kwenye mazoezi. Siku za mwanzo Noela aliigiza vibaya, akapiga kelele na kujikuna ovyo, mpaka Mwalimu akamwambia kwamba mgonjwa ni mtu kama mtu mwingine na amtafute mtu huyo. Siku iliyofuata Noela alikizunguka polepole kiti walichokitumia kabla gogo halijapatikana. Alikigonga kwa vifundo, akainamisha sikio, akachora hewani kwa vidole viwili na kunong'ona. Darasa zima liliangua kicheko. Kondo alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu hakucheka, aliuliza tu Noela amejifunzia wapi, naye akasema amebuni. Sifa zile zilikuwa tamu, na hakuna anayeachia kitu kitamu kwa hiari yake. Kila zoezi alirudia, kila siku akiongeza chumvi kidogo.

Alhamisi waliliacha gogo nje, kwenye baraza ya shule, Noela akiwa na haraka ya kwenda kujaribu vazi lake. Jioni ile mvua ilishuka Kinyerezi nzima, ikanyesha mpaka alfajiri.

Ijumaa ukumbi wa shule ulijaa wazazi. Mama yake Noela alikuwa kazini. Noela aliingia jukwaani akiwa amejifunga kaniki, na tangu hatua ya kwanza alijua kwamba watu wako mkononi mwake. Alichora hewani, wakacheka. Alinong'ona, wakacheka zaidi. Walinzi wakamkamata, wakaupitisha mguu wake kwenye tundu, na Kondo, ambaye siku zote alikisukuma kigingi kwa kidole, aliona leo hakiingii. Alichukua jiwe la kuigizia, akakigonga kwa nguvu zake zote. Kikaingia.

Noela aliketi sakafuni na gogo lake. Aligonga kwa vifundo, akainamisha sikio, akainua vidole viwili hewani, na alipotazama kule vidole vilikoelekea, alimwona Mjomba Kasimiri mlangoni.

Alikuwa na shati lake la kanisani. Mkononi alishika nyundo ndogo na kigingi kipya, kikavu. Kwa vile mvua ilikuwa imenyesha, alikuja kukibadilisha kabla ya Jumamosi. Alikuwa ametulia kabisa, akimtazama Noela na vidole vyake viwili.

Noela alitaka kuinuka akimbie. Mguu haukutoka. Alivuta tena, na kifundo cha mguu kikabanwa kwa maumivu. Alimnong'oneza Kondo kwamba amekwama kweli, lakini Kondo alidhani ni sehemu ya igizo, akamtolea ulimi. Machozi yakaanza kumtoka. Ukumbi ukapiga makofi kwa jinsi binti huyu anavyojua kuigiza.

Kisha mambo yakawa kama yanatokea ndani ya maji. Vicheko vilisogea mbali, vikawa mvumo, na mvumo ule ukawa ule wa nyumbani, usio na haraka. Kuta za ukumbi zilififia. Noela aliona uwanja wa mchanga, na jua kali, na watu wamesimama mbali, wakubwa kwa wadogo, nyuso zao hazisomeki. Mtu mmoja alimsogezea bakuli kwa fimbo. Alisema anaumwa, akawaambia tena na tena, na kila alivyosema ndivyo walivyocheka. Hakujua kama amekaa pale dakika moja au miaka mitatu. Alichojua ni kwamba hakuna hata mmoja aliyekuja karibu, na hilo lilimuuma kuliko kifundo cha mguu. Aliwaza kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa kwa mjomba kwenye njia ya Pugu, na kwamba hata yeye, mpwa wake, alikuwa amesimama mbali, pamoja na wale wenye fimbo.

Mtu mmoja alikuja. Alitembea katikati ya ukumbi bila haraka, akapanda jukwaani, na wazazi waliomtambua wakaanza kuambizana kwamba ni yule kichaa wa njia ya Pugu. Mjomba hakugeuka. Alilizunguka gogo polepole. Aliligonga kwa vifundo vya vidole, akainamisha sikio. Akachora hewani kwa vidole viwili, akinong'ona.

Kicheko kilianza nyuma ya ukumbi, kikafika katikati, kikafa. Watu walitazama vidole vya yule mtu, kisha wakamtazama Noela.

Mjomba aliweka kidole chake pahala fulani ubavuni mwa gogo, ambapo mtu mwingine asingeona tofauti yoyote. Akapagonga kwa nyundo mara moja, mara mbili. Kigingi kikaruka, na mguu wa Noela ukawa huru.

"Mti umekunywa maji," alimwambia kwa sauti ndogo, akiupapasa mti. "Si nilikwambia."

Mwalimu Tusajigwe alipanda jukwaani mbio, akapiga goti kuutazama mguu. Kisha akamwamkia mgeni na kumuuliza yeye ni nani. Mjomba alimtazama Noela kwanza. Alimwachia mpwa wake jibu, na Noela alielewa kwamba akisema ni fundi tu wa Mwenge, mjomba atakubali, atashuka na kwenda zake.

"Ni mjomba wangu," Noela alisema. Kisha akaugeukia ukumbi. "Ni mjomba wangu, kaka yake mama. Aliugua, sasa anatibiwa. Gogo amechonga yeye. Nilimdanganya kwamba igizo ni kesho ili asije, na Kondo nilimwambia ni mpangaji. Zile mbwembwe sikubuni mie. Nilimwigiza yeye, nyie mcheke."

Kondo aliangalia jiwe lililokuwa bado mkononi mwake, akaliweka chini.

"Ila umekosea kidogo," Mjomba alisema, na ilimchukua Noela muda kujua kwamba anaongea naye. "Ule sio ugonjwa. Nilipougua nilifanya mambo mengi, mengine siyakumbuki. Lile la kugonga nilifundishwa na baba nikiwa mdogo kuliko wewe. Ukigonga unasikia mti umeoza wapi, una ufa wapi. Ukichora hewani unajua patasi ipite wapi. Ile ni kazi yangu, mama. Ndiyo inayonikalisha mzima, pamoja na kile kidonge."

Noela alifunika uso kwa viganja. Miaka yote ile aliionea aibu kazi, akidhani anauonea aibu ugonjwa, na hata ugonjwa wenyewe haukustahili aibu. Mjomba alimvuta kwenye bega la lile shati la kanisani, akamwacha alie mpaka amalize.

Mwalimu Tusajigwe aliwageukia wazazi. Alisema sehemu ya mwisho aliyoiandika haihitajiki tena, kwa kuwa wameiona bora kuliko alivyoitunga.

"Wazee wetu walifunga watu kwenye magogo kwa sababu hawakujua dawa," alisema. "Sisi dawa tunaijua, na kliniki tunaijua. Lakini leo tumemcheka mtoto aliyekuwa akilia kweli, na mimi nilikuwa miongoni mwenu, nilipiga makofi. Mgonjwa wa akili ni mgonjwa kama wa malaria. Anahitaji tiba, kazi, na mtu wa kumsogelea. Tukimwita kichaa na kusimama mbali, kigingi tunakigongelea sisi."

Kondo ndiye aliyefuata. Alikwenda mbele ya mjomba, akainama kidogo na kusema shikamoo, na baada ya kuitikiwa akauliza kama anaweza kugonga gogo naye asikie. Mjomba alimshika mkono, akamwonyesha pa kugonga. Baadaye walikuwa wamejipanga watoto kumi na zaidi.

Usiku mama aliporudi kutoka kazini Noela alimweleza yote mwenyewe, bila kupunguza. Mama alikasirika, na alikuwa na haki. Alimwambia kwamba mtu anayetoka hospitali akirudi nyumbani akakuta anafichwa, ni sawa na kufungwa mara ya pili.

Asubuhi ya Jumamosi alimimina uji, akaweka kidonge kwenye kisosi, akavipeleka uani akichechemea. Mitambo ilikuwa ikivuma. Mjomba alikuwa ameketi mbele ya kipande kipya cha mpingo, vidole viwili vikitembea taratibu hewani, na watu wawili waliokuwa wakipita walichungulia. Noela aliwasalimia, kisha akaketi mkekani na kuinamisha sikio.

Mjomba alimeza kidonge, akanywa uji, akafungua kinywa. Noela alikagua, akatikisa kichwa kukubali.

"Haya," mjomba alisema, akimsogelea. "Na wewe fungua, nione kama kuna uongo umebaki."

Noela alifungua kinywa wazi kadiri alivyoweza.