Joto la Mkono wa Kulia

Mkono wa kulia wa Nyamizi ulikuwa umezama ndani ya beseni la mchele hadi kwenye kifundo, na macho yake yalikuwa yamefungwa kitambaa cheusi. Roboti-mpimaji alidondosha kitu besenini, akakifukia kwa kidole chake cha chuma, akatulia. Nyamizi akapapasa.

"Kifungo," alisema. "Cha shati. Kina matundu manne."

"Na hiki?"

"Punje ya haragwe. Imepasuka upande mmoja."

Mhandisi Sizya, mwanamke aliyebuni kifaa kilichokuwa kikifanya kazi ile, alipiga makofi peke yake chumbani. Alikuwa na haki ya kufurahi. Mwaka uliotangulia, kwenye kiwanda cha vioo vya jua, kioo kilimpasukia Nyamizi mkononi na kukata mshipa mkuu wa fahamu. Madaktari waliushona vizuri, lakini mshipa wa fahamu ukishashonwa huota polepole, tena huota ovyo. Nyuzi zilizokuwa za kidole gumba huishia kidole cha kati, na nyingine hazifiki popote. Kiganja kilikufa ganzi. Siku moja jikoni Nyamizi alisikia harufu ya nyama inayoungua, akatazama huku na huku, akagundua kwamba inayoungua ni ncha ya kidole chake mwenyewe, kimeegemea sufuria.

Ndipo alipopewa kitafsiri-mguso. Kilikuwa utando mwembamba kama ganda la kitunguu, uliobandikwa kwenye kiganja, na punje ya kompyuta iliyopandikizwa chini ya ngozi ya kifundo. Utando ulipima mgandamizo, mkwaruzo na joto. Punje ilizigeuza habari hizo kuwa lugha ya mwili na kuzipeleka ubongoni kupitia sehemu ya mshipa iliyobaki nzima. Pale habari zilipopungua, punje ilijazia kwa yale iliyokwisha kujifunza.

"Kwa hiyo kinabahatisha?" mama yake Nyamizi, Bi Mwamvua, alimuuliza Sizya siku ya kwanza.

"Kinakamilisha, mama. Kama wewe unavyosikia nusu ya neno kwenye simu, ukajua lililobaki."

"Haya. Kisije tu kikawa kama shoga yangu wa Isevya. Yule hunimalizia hata maneno ambayo sikuwa na nia ya kuyasema."

Walicheka wote watatu, na Sizya ndiye aliyecheka zaidi.

Kifaa kilihitaji mwalimu, yaani mtu mmoja wa karibu ambaye mkono wake ungekuwa kipimo cha ngozi ya binadamu. Bi Mwamvua ndiye aliyejitolea. Kila jioni, baada ya sala ya magharibi, alimkalisha binti yake mkekani, akamfumba macho na kumpa vitu vya nyumbani avitambue: kijiti cha ufagio, kitana, sufi aliyoichomoa kwenye mto. Mwisho alimpa mkono wake mwenyewe, akauacha hapo kwa muda mrefu.

"Wasikia nini?"

"Sisikii kitu, mama."

"Basi ngoja. Mkono wako umekuwa mgeni wa heshima siku hizi, hauingii mpaka ukaribishwe."

Wakaendelea hivyo kwa miezi. Kwanza yalikuja mawimbi kama ya sisimizi wanaotambaa, kisha uzito, kisha jioni moja likaja joto. Baada ya joto yakaja mapigo ya mshipa wa mama yake, madogo, yasiyo na haraka. Nyamizi alilia siku ile mpaka ushungi ukalowa, na mama yake akamtania kwamba sasa maji yanatoka upande usiohusika.

Bi Mwamvua alifariki alfajiri moja kwa presha, akiwa anavuta maji ya kutawadha. Jirani ndiye aliyemkuta. Nyamizi alikuwa zamu ya usiku kiwandani, akarudi kwa treni ya sumaku huku amekaa wima kama abiria mwingine yeyote. Alipofika alikuta nyumba imejaa. Wanawake walimkumbatia, wakamwambia alie, na yeye aliitikia, "Ndiyo, nitalia." Alikuwa na nia kweli. Machozi ndiyo hayakuja, na kifuani hakukuwa na kitu chochote cha kuyaleta. Alijiona kama mtu anayesimuliwa habari za jirani wa mbali.

Hospitali kuu ya Tabora ya wakati huo ilikuwa na mashine ya kuoshea maiti, safi na ya haraka, ila mtaa ule haukutaka hata kuisikia. Binti huosha mama yake. Huosha kwa mkono wa kulia, wazi, bila kitu. Wa kushoto huvalishwa mfuko wa kitambaa na kuachiwa kazi za sitara. Mwoshaji wa mtaa, Bi Chausiku, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alimfunga Nyamizi kitambaa hicho, akamkabidhi kata ya maji ya majani ya mkunazi.

"Anza na mkono wake wa kulia, mwanangu. Bismillahi. Taratibu, kama anayekuogesha wewe."

Nyamizi aliushika mkono wa mama yake.

Ulikuwa na joto.

Aliuachia, akaushika tena. Joto lilikuwa lile lile la mkekani, na ndani yake, chini ya kidole chake cha shahada, mshipa ulikuwa unapiga. Mapigo madogo, yasiyo na haraka.

"Bi Chausiku, acha maji," alisema. "Mama yu hai."

"Nyamizi."

"Ana joto. Mshipa unapiga, nausikia. Waiteni daktari!"

Sauti yake ilivuka pazia la kanga. Nje mnong'ono ulianza, ukawa kelele. Mtu aliyekuwa ameshika jeneza aliliweka chini, na mwanamke mmoja akapiga yowe kwamba Mwamvua amezinduka. Bi Chausiku hakubishana. Aliweka vidole viwili shingoni mwa marehemu, akasubiri kwa uaminifu kabisa. Kisha akamfungua Nyamizi kitambaa cha mkono wa kushoto.

"Shika na huu."

Mkono wa kushoto ulikuta baridi, baridi ya mtungi uliokaa kivulini. Hakuna kilichopiga. Nyamizi alisimama pale, mikono yake miwili juu ya mkono mmoja, huu unasema mama yu hai, huu unasema amekufa. Hakujua jinsi ya kuamua kati yao. Alichojua ni ule alioutaka uwe mkweli.

Alimpigia Sizya kwa simu ya sikioni, akamweleza kwa maneno machache.

"Dada Nyamizi," Sizya alisema, na sauti yake haikuwa ya kihandisi tena. "Kifaa kimeutambua mkono wa mwalimu wake. Utando umepima baridi, sawasawa kabisa, lakini punje imedhani baridi hiyo ni hitilafu, ikaisahihisha. Hatukukifundisha maiti. Hakuna aliyewaza. Nani angefanya mazoezi na maiti? Nisamehe."

"Kwa hiyo huku kupiga ninakokusikia ni nini?"

"Ni somo. Ni jioni zile mlizokaa naye. Sasa nisikilize vizuri. Usimguse tena kwa mkono huo. Kikiendelea kukutana na baridi ile ile, kitakubali. Kitalifuta somo la kwanza na kuandika hili juu yake. Toka nje, waache wengine wamwoshe, na joto la mama yako litabaki kwako maisha yako yote."

"Huwezi kulitolea nakala?"

"Limeshonana na mshipa wako mwenyewe. Halina nakala."

Bi Chausiku alikuwa amesikia yote, maana simu ile ilikuwa na sauti kubwa. Aliiweka kata ukingoni mwa ndoo.

"Ukitoka hakuna atakayekulaumu," alisema. "Nitamwosha mie. Nimeosha wengi."

Nyamizi alimtazama mama yake. Alifikiri kuhusu kubaki na joto lile, kukaa mahali peke yake, kufumba macho na kushika chochote chenye umbo la mkono, na mama yake kuja. Alilitamani jambo hilo kwa tamaa iliyomtia aibu. Kisha alifikiri kwamba mama yake angelazwa kaburini akiwa ameoshwa na watu wengine, huku binti yake amesimama uani, anautunza mkono.

"Nipe kata," alisema.

Akaosha. Mkono ulikuwa na joto, na kila alipomimina maji joto lilipungua kidogo. Begani palikuwa vuguvugu. Mapigo yalipotea walipokuwa wanamgeuza ubavu, na hakujua ni wakati gani hasa, kwa sababu alikuwa ameshika kichwa kisidondoke. Mgongoni baridi ilimpanda vidoleni kwa vipande vipande. Alipofika miguuni mikono yake yote miwili ilikuwa inasema jambo moja, na hapo ndipo alipofiwa. Alilia kwa sauti, akiendelea kuosha, na Bi Chausiku hakumnyamazisha.

Baada ya maziko Sizya alikuja mwenyewe, amejitanda kanga asiyoizoea. Alimpa Nyamizi mkono wa pole, na Nyamizi akashtuka. Mkono wa Sizya ulikuwa wa baridi, baridi ile ile, na ulikuwa mkono wa mtu mzima anayepumua mbele yake.

Sizya aliona, akaelewa mara moja. Kifaa kilipima kila ngozi ya mtu kwa mkono wa Bi Mwamvua, na mkono huo sasa ulikuwa wa maiti.

"Nitakifuta kesho," alisema kwa kunong'ona. "Chote. Tutaanza upya na mwalimu mwingine."

"Kikifutwa nitasikia nini?"

"Ganzi. Kwa miezi. Kama mwanzo."

Nyuma ya Sizya mlolongo wa wanawake ulikuwa umefika hadi barabarani, kila mmoja akingoja kumpa mfiwa mkono. Nyamizi aliwaangalia.

"Hiki kifaa hujifunza kwa kila anayekigusa?"

"Kidogo kidogo, ndiyo. Lakini itakuchukua muda mrefu sana, dada, na watakuwa baridi wote."

"Basi usikifute." Nyamizi aliketi vizuri mkekani na kunyoosha mkono wa kulia. Alikuja wa kwanza, na alikuwa baridi. Alikuja wa pili. Wote walikuwa hai, wanamwambia pole, na kila mmoja aliushika mkono wake kwa kiganja cha maiti. Bi Chausiku alikuja akiwa amechoka, akakaa chini kabisa na kuufumbata mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

"Wasikia nini?" aliuliza, bila kujua kwamba swali hilo lilikuwa na mwenyewe.

"Baridi," Nyamizi alisema. "Usiutoe."